Weupe wa Kichupa

Lachlan, mkulima wa miwa, alikuja maabara yetu Brisbane kuona seli za saratani yake ya ngozi. Kabla ya dawa zilikuwa nyeusi tii ndani ya kichupa. Sasa zilikuwa nyeupe pe.

"Zimetakata, dada!" akapiga kelele. "Weusi wote kwisha!"

Lakini weupe huo haukuwa habari njema. Protini inayowasha jeni za rangi ndiyo hiyo hiyo inayozituliza seli. Ikizimika, seli hupauka, huzoea dawa, huanza kutangatanga mwilini. Na mjinga gani alimruhusu aingie huku kabla ya kuonana na daktari wake?

Tayari alishamtumia mkewe picha. Simu ikalia, watoto walikuwa wakishangilia.

"Hebu waambie mwenyewe," Lachlan akasema, akinipa simu.