Namba Mbili Ibaki Nyumbani

Malachy Hehir alikuwa na donge moyoni, na donge hilo lilikuwa na jina: Lorcan Tuohy. Mwaka ule timu ya parokia yao, Kilfarna, ilipochukua kombe la kaunti la mpira wa magongo, Malachy ndiye aliyewapita mabeki watatu, akapasuliwa nyusi kwa gongo, akampasia Lorcan aliyekuwa amesimama peke yake mbele ya goli. Lorcan akafunga. Picha ya Lorcan ikatundikwa kwenye kila baa. Malachy akashonwa nyuzi sita, akarudi kukamua ng'ombe.

Baadaye Lorcan akaingia jeshini, akapelekwa Kongo kulinda amani, akarudi na kovu shingoni na namna ya kusimama iliyowafanya wanawake wa parokia waweke sawa vitambaa vyao vya kichwa. Hata Attracta, mke wa Malachy, alimsifia mezani.

"Kweli jeshi limemtengeneza yule."

"Alitengenezwa na pasi yangu," Malachy akasema, akasukuma sahani ya viazi.

"Yesu na Maria! Miaka kumi na minne, Malachy. Hiyo pasi si imeshaota ndevu?"

Lorcan alipotangaza kugombea ubunge bila chama, Malachy naye akatangaza, bila chama vilevile. Alimwambia mkewe kwamba anataka barabara ya mlimani itiwe lami. Uongo mtupu. Alichotaka ni kura za Kilfarna zigawanyike, Lorcan aambulie patupu, na kiti kimwendee Cusack, mtu wa chama kutoka mjini ambaye Malachy hakumpenda wala kumchukia. Kushinda yeye mwenyewe hakukumshughulisha hata kidogo. Wivu ulimkaa vibaya kiasi hicho.

Ili uongo wa lami uaminike, akapita mlimani nyumba kwa nyumba, kwa watu waliokipigia kura chama cha Cusack tangu enzi za babu zao. Walimsikiliza kwa kuwa ni jirani. Sasa, mlangoni pana adabu yake. Karatasi ya kura huandikwa namba moja kwa umpendaye na namba mbili kwa anayemfuatia, ili wa kwanza akitolewa kwa kura chache, kura hiyo iende kwa wa pili. Mgombea wa parokia akishaomba moja, huomba na mbili ibaki nyumbani, yaani iende kwa mwenzake wa parokia. Asiyesema hivyo huonekana mtu asiye na kwao. Basi Malachy alilisema neno hilo kwenye milango mia saba, kila mara kwa shingo upande.

"Moja mnipe mimi, na mbili ibaki nyumbani."

Wagombea wa nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na Lorcan. Aliona ni maneno ya mlangoni tu, nani atayashika?

Siku ya kuhesabu, ukumbi wa shule ulinuka makoti yaliyolowa mvua na moshi wa viko. Malachy aliegemea uzio wa mbao tangu asubuhi. Kufikia mchana viti vingine vya jimbo vilikuwa vimeshapata wenyewe, kikabaki kimoja, na Cusack alikuwa mbele ya Lorcan kwa kura mia sita. Malachy alikuwa wa mwisho, na kura elfu moja na mia tisa. Akatolewa. Hata siku ya harusi yake hakufurahi vile.

Kisha makarani wakazimwaga karatasi zake mezani, wakaanza kuzigawa kwa kufuata namba mbili.

"Tuohy. Tuohy. Cusack. Tuohy. Tuohy. Tuohy."

Rundo la Lorcan likapanda.

"Aisee, Malachy!" Mzee Dinny, wakala wa chama cha Cusack kwenye hesabu ya kura, alimtazama kwa uchungu. "Hao si watu wetu wa mlimani? Wasingempa Tuohy hata maji ya kunywa. Uliwaambia nini?"

Malachy akajifanya anahesabu mbao za uzio.

Lorcan alipotangazwa mshindi, alikuja moja kwa moja kwenye uzio, akamshika bega. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umenipasia tena, ndugu yangu."

Hakukuwa na kejeli ndani yake hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma Malachy zaidi. Vijana wa Kilfarna wakaja kumbeba mshindi mabegani, kama ilivyo desturi.

"We Malachy, shika mguu huo! Unaogopa nini, si wako huyu?"

Angekataa, ukumbi mzima ungejua nia yake. Akaushika. Kiatu chenye matope kikamtulia begani, na mpiga picha wa gazeti akapiga goti mbele yao.

"Wewe bwana mwenye kovu kwenye nyusi," akasema, "inamisha kichwa kidogo. Unamziba mheshimiwa."

Malachy akainamisha.