Kahawa ya Mlevi Asiyekunywa

Mkata vitambaa wa kile kiwanda kidogo cha sare, ambaye wote walimwita Mkasi, hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Lakini ungemuuliza yeyote pale, kuanzia mpiga pasi hadi mlinzi, angekuapia kwamba jamaa ni mlevi wa kupindukia. Usiwalaumu! Kila asubuhi walimwona mikono ikimtetemeka juu ya meza ya kukatia.

Kilichoitetemesha ni vidonge. Mkasi alikuwa na maradhi ya akili yanayompandisha na kumshusha: mara usiku kucha halali, anapanga kununua mtaa mzima, mara hata kwenda kuoga hawezi. Vidonge vilimtuliza, vikamwachia mtetemeko. Uvumi wa ulevi ulipoanza, akaunyamazia. Mlevi watamtania tu, alijiambia, lakini wakijua ninaumwa akili watanikimbia.

Basi mama mmoja mshona vifungo, ndiyo maana aliitwa Vifungo, mdomo haufungi lakini roho nzuri ajabu, akajipa kazi ya kumponya. Kila asubuhi alimletea kahawa nzito isiyo na sukari.

"Kunywa, mdogo wangu, hayo mapombe yakutoke."

Naye alikunywa yote, maskini wa Mungu. Daktari alishamwambia kahawa na dawa zile hazipatani, itamwongezea mtetemeko. Lakini angeikataaje bila kueleza?

Siku moja mkasi ukamchezea, akaharibu furushi zima la kitambaa cha sare za wauguzi. Bosi wao, mwanamke mpole asiyerudia neno, akamwita kando.

"Kesho njoo mzima. Ukija hivi tena, mkasi nampa mwingine."

Nyumbani mkewe alikuwa anakunja nguo. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Waambie ukweli, baba."

"Nikiwaambia wataniogopa. Nani atanisogelea nikiwa nimeshika chuma kile?"

"Mbona mimi nalala na wewe, na visu viko jikoni?"

Mkasi akacheka bila kutaka, kisha machozi yakamtoka. Mkewe akaacha nguo, akamshika mikono yote miwili, ikatetemekea humo humo.

Asubuhi kahawa ikaja kama kawaida, na bosi akaja nyuma yake kuangalia. Mkasi akapiga moyo konde. Akakisukuma kikombe pembeni.

"Mimi sinywi pombe. Sijawahi. Ninaumwa akili, ninatumia dawa, na dawa ndizo zinanitetemesha. Kahawa inazidisha. Niliogopa kusema."

Vyerehani vikanyamaza kimoja kimoja. Mpiga pasi akarudi nyuma hatua moja, na Mkasi akaiona hatua ile. Ilimchoma. Akauweka mkasi mezani, akasubiri kuambiwa akusanye vitu vyake.

"Mtetemeko huisha saa ngapi?" bosi akauliza.

"Hupungua mchana."

"Basi asubuhi utapima na kupanga vitambaa, mchana ukate. Ungeniambia mapema, ningekuwa bado na kitambaa changu."

Lakini Vifungo ndiye alikuwa hajapumua. Alikitazama kikombe, akamtazama Mkasi, mkono mdomoni.

"Yaani miezi yote hii mimi ndiye nakutetemesha? Mimi? Na wewe unakunywa tu!"

"Ulikuwa unaniletea kwa upendo, dada."

"Upendo gani huo, jamani!" Akalia waziwazi, akaenda kuimwaga kahawa nje. Aliporudi, mpiga pasi bado alikuwa amesimama mbali, na mkasi bado uko mezani, hakuna anayeugusa. Vifungo akaona yote. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya Mkasi, akainua kidevu. Kwenye kola yake, karibu kabisa na koo, palining'inia uzi.

"Nikatie huu."

"Dada, mikono yangu..."

"Nimeiona. Nikatie, unaniwasha."

Mkasi akauchukua mkasi. Alikata taratibu, akishikilia kola kwa vidole vinavyotetemeka, na yule mama hakupepesa hata jicho. Uzi ukadondoka sakafuni.

"Afadhali," akasema Vifungo, akirekebisha kola. "Sasa niambie, maziwa unakunywa?"