Risasi ya Kumwacha Hai

Watanga wa Lidcombe na Auburn, vitongoji vya Sydney, Australia, ambao ukiwakusanya wote hawajazi basi moja, walikuwa na mchinjaji mmoja tu, naye ni Jabir. Iwe harusi, akika au Idi Kubwa, mbuzi akishapatikana shambani watu humwita Jabir na kisu chake. Mkono wake ulikuwa mwepesi, mnyama hapati hata nafasi ya kushtuka, na watu walimsifu mpaka wakapitiliza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jabir alifika mahali akaamini kwamba katika mambo ya kuchinja hakuna tena wa kumwambia neno.

Aliyemfundisha hayo yote alikuwa mwalimu Hussam, ambaye alimsomesha chuo cha Kurani huko Tanga tangu ana miaka saba, na uzeeni akaja Sydney kukaa kwa binti yake, mitaa miwili tu kutoka kwa Jabir. Agosti ya mwaka 2021, wakati mji umefungwa na helikopta za polisi zinazunguka juu ya mapaa, korona ilimlaza mwalimu hospitalini wiki tano. Alirudi nyumbani mifupa mitupu, na ulimi wake umekufa ganzi. Umi, mkewe Jabir, alimpikia pilau, akamwachia mlangoni. Mwalimu akapiga simu kushukuru.

"Mwambie Umi Mungu amlipe," alimwambia Jabir. "Lakini nisikufiche, mwanangu, naona kama natafuna karatasi. Nakumbuka nyama ya mwitu tuliyokuwa tukila Handeni, harufu yake tu ilikuwa inamwamsha mtu usingizini. Labda ile ingeuamsha ulimi huu."

Alisema tu, kama wazee wasemavyo. Jabir alilichukua neno lile kama amri.

Leseni ya bunduki alikuwa nayo tangu mwaka wa nyuma, kwa kushawishiwa na jirani yake Gitonga, Mkenya, muuguzi wa hospitali ya Westmead, mtu wa kuwinda tangu alipofika nchi hii. Gitonga alikuwa na ruhusa ya mzee mmoja mkulima, mwendo wa saa nne ng'ambo ya milima, ambaye kulungu walikuwa wanammalizia majani ya ng'ombe wake. Kilichobaki ni Jabir kuchagua bunduki yake. Miezi ile ya kufungiwa ndani aliimaliza akitazama video za wawindaji, akijifunza risasi ipi inashuka kiasi gani kwa mita mia tatu na upepo unaisukuma wapi, mpaka Umi akawa anamwita Bwana Jeshi.

Oktoba maduka yalipofunguliwa walikwenda, barakoa usoni, kwenye duka moja la bunduki upande wa Villawood. Gitonga hakupoteza wakati.

"Mzee, chukua hii three-oh-eight tumalize. Ile farm ni wazi, hakuna pa kujificha. Kulungu akikuona ni kama ameshaenda. Utapiga from three hundred metres, na hii inafika bado iko na nguvu. Anaanguka hapo hapo."

"Ndiyo shida yenyewe hiyo," Jabir alisema. "Akianguka hapo hapo, mimi na goti langu hili nitafika lini? Nitamkuta kashakufa. Nimchinje nini?"

"Sasa wewe unataka nini?"

"Nataka risasi ya kumwangusha, isimuue. Nimkute na roho yake."

"Hakuna risasi kama hiyo, mzee. Haijatengenezwa."

Jabir aliinamia meza ya kioo, akaonyesha kwa kidole bunduki nyembamba zaidi, ile ya mbili arobaini na tatu, na pakiti ya risasi zake zenye kichwa chepesi kuliko zote. Bunduki yenyewe haikuwa na ubaya. Wako wanaoangusha kulungu kwa bunduki hiyo, wakitia kichwa kizito na wakisogea karibu. Lakini zile risasi nyepesi ni za sungura na mbweha. Zikigonga mwili mkubwa hupasuka juu juu, hazifiki ndani.

"Hiyo ukiwa mbali itamwumiza tu," Gitonga alisema.

"Basi imwumize kidogo, kisu kimalize."

Gitonga alimtazama, akainua mabega. Kwa mila ya kwao Meru, mtu aliyekuzidi umri humkemei dukani.

Nyumbani Umi alisikiliza habari yote huku anakuna nazi, kisha akasema, "Baba Alya, si umuulize mwalimu? Kuuliza si ujinga."

"Nimuulize habari ya kisu? Mimi, Jabir?" alicheka. Halafu alitaka pia iwe zawadi ya kumshtukiza mzee wa watu. Simu ilikuwa mezani, mkono mmoja tu kutoka alipokaa, na hakuigusa.

Novemba njia za kwenda mashamba zilipofunguliwa, waliondoka Jumamosi moja mapema. Alasiri walikuwa wamelala kifudifudi juu ya kilima, na ng'ambo ya bonde kundi la majike linakula kando ya ua wa waya. Kipima umbali kilisema mita mia mbili tisini na tano. Gitonga alimnong'oneza washuke mpaka kwenye gogo lililolala chini, wapunguze nusu ya umbali. Jabir akatazama mteremko, akalifikiria goti lake, akakataa. Akamweka jike mmoja kwenye darubini. Akasema bismillahi, Allahu akbar, kwa moyo safi kabisa, akafyatua.

Yule jike alijikunja mgongo kama mtu aliyeshikwa na tumbo. Akaanguka. Jabir alikuwa ameshasimama na kisu mkononi, anashuka anachechemea, moyo umejaa furaha, kwani mambo yalikuwa yanakwenda vilevile alivyoyapanga. Alipofika katikati ya bonde yule jike akainuka, akaruka mara mbili, akaingia vichakani.

Pale alipoangukia palikuwa na damu kidogo na majani mabichi yaliyosagika. Gitonga aliyagusa kwa kidole, akanusa. "Ni tumbo," alisema. Waliitafuta damu ile tone kwa tone mpaka giza likaingia, na Jabir aliposhindwa na goti Gitonga aliendelea peke yake na tochi mpaka betri ikafa. Walilala ndani ya gari.

Walimpata kulipopambazuka, chini ya kichaka, si mbali na walipokuwa wamepita jana mara tatu. Ardhi mbele ya miguu yake ilikuwa imechimbuliwa kwa kwato. Gitonga alitia mkono kwenye kwapa la mnyama, akautoa taratibu.

"Bado ana joto. Ameenda sasa hivi tu." Kisha akauliza bila kumtazama, "Tumchune?"

"Huu ni mzoga," Jabir alisema, na kisu kikawa kizito mkononi mwake.

Walirudi mwendo ule ule wa saa nne. Walipofika Lidcombe, Gitonga alimteremshia mzigo wake, akamwambia kwa adabu, "Mzee, salimia mama. Lakini kuwinda, mimi na wewe, basi." Jabir alimwona jinsi alivyochoka, akajua hakustahili hata kubisha.

Siku tatu alizunguka na jambo hilo. Ya nne akaenda kwa mwalimu. Walikaa kibarazani, kila mtu na barakoa yake, na Jabir akasimulia yote, tangu dukani hadi kichakani, hakujitetea.

"Ulipofyatua ulitaja jina la Mungu?" mwalimu aliuliza.

"Nilitaja."

"Basi angekufa papo hapo kwa risasi yako, angekuwa halali. Kisu ni cha mbuzi uliyemshika mkononi. Windo lina mlango wake, mwanangu. Ukimkuta hai unamchinja, ukimkuta amekufa kwa pigo lako kabla hajakupotea machoni, umekula. Mlango huo nilikusomesha."

"Umenitoka, mwalimu."

"Watu husahau. Ungenipigia simu." Sauti ya mzee ilikuwa nyembamba. "Nilikuwa nimekaa hapa hapa miezi yote hiyo, sina kazi, nangoja mtu aniulize kitu."

Jabir alitamani ardhi ipasuke. Bunduki nzito ilikuwa pale kwenye kioo, dua alikuwa nayo mdomoni, na mjuzi alikuwa mitaa miwili.

"Aliteseka muda gani?" mwalimu aliuliza.

"Nilimpiga alasiri. Tulimpata alfajiri, bado ana joto."

Mwalimu alifumba macho.

"Mungu nimemwomba maghufira kila sala tangu siku ile," Jabir alisema, na machozi yakaingia ndani ya barakoa. "Lakini yule mnyama, mwalimu. Nimwombe radhi vipi?"

Tangu utoto Jabir hakupata kumwuliza mtu huyu swali akakosa jibu. Akangoja. Mzee aliitazama mikono yake iliyokonda, akaigeuza, akaitazama tena.

"Hilo," alisema, "hata mimi sikusomeshwa."