Maoni Yangu Juu ya Wanawake Wanaolia

Mwalimu Suhartini alitoka kisiwa cha Java kuja kutufundisha huku Padang Panjang bila kuzijua mila zetu za ukoo wa mama, na hiyo ndiyo kasoro yake pekee ninayoweza kuitaja mbele za watu. Alitangaza kwamba atakayetoa maoni bora juu ya vitabu vyovyote vitatu vya mateso ya wanawake atakabidhiwa ufunguo wa maktaba. Sharti: abaki bwenini kila Jumamosi aifungue, na kwao waridhie.

Niliutaka ufunguo ule kuliko pepo. Maktaba yetu hufunguliwa kwa nadra kama mdomo wa baba yangu.

Siku ya wazazi nikapanda jukwaani.

“Waheshimiwa, katika kitabu cha kwanza baba anamwoza binti kwa mzee asiye na meno. Nililia hadi katikati, kisha nikachoka, nikaenda kula mihogo ya kukaanga. Niliporudi, bado analia. Nilichoshindwa kuelewa ni huyo baba. Kwetu baba huomba ruhusa hata kusogeza kiti.”

Baba alitazama viatu vyake. Wenzangu wakacheka kwa heshima.

“Cha pili, mjane anafukuzwa nyumbani na shemeji zake. Nawapa pole wasomaji wa huko. Kwetu nyumba ni ya mke, na mume mkorofi ndiye hukuta begi lake barazani.”

Mama zetu wakapiga makofi. Mjomba Syafnil, kaka yake mama na msemaji wa ukoo wetu, akatikisa kichwa kwa fahari, kana kwamba nyumba zile alizijenga yeye.

Kitabu cha tatu hakikuwapo. Nilikitunga pale pale.

“Cha tatu kinamhusu mwanamke mwenye nyumba, mashamba na ng'ombe. Kikao cha ukoo kikianza, kaka yake anakaa sebuleni kusema, yeye yuko jikoni anakuna nazi. Mali yake, mdomo wa kaka. Sikukimaliza. Mwisho nilikwisha kuujua: anapika.”

Hakuna aliyecheka. Mjomba aliacha kutikisa kichwa.

“Kimeandikwa na nani hicho?” akauliza.

“Jalada limeng'oka, Mjomba.”

Mwalimu Suhartini, maskini, akamgeukia baba. “Mzee, unaridhia binti yako achukue ufunguo?”

Baba alimtazama kama aliyeulizwa bei ya ng'ombe wa jirani. “Mwalimu, mimi pale kwa mke wangu ni mgeni. Muulize mjomba wake.”

“Haiwezekani,” akasema Mjomba. “Jumamosi anahitajika nyumbani.”

Ndipo mama akasimama, yeye ambaye mbele ya watu hajawahi kumtangulia kaka yake hata kwa kikohozi.

“Kwa kazi gani, Kaka?”

“Si unajua, dada. Wageni wa kikao. Kuna kupika.”

“Wageni wa nani?”

“Wangu. Yaani wetu.”

“Wako. Basi Jumamosi utakuna nazi wewe. Nyama ya rendang inataka kugeuzwa saa nne nzima, usije ukaniunguzia sufuria.”

“Dada, watu wanasikia.”

“Wasikie. Jiko ni langu.”

Mjomba akasimama, akanyoosha koti, akakohoa kikohozi cha vikao.

“Baada ya kutafakari kwa kina,” akasema, “ukoo umeamua mtoto apewe ufunguo.”

Ukumbi mzima ukamtazama mama, kuona kama ndivyo.

“Endelea, Kaka,” akasema mama. “Unasema vizuri.”