Kijiko Kwenye Rekodi

Ting!

Mke wa mwalimu wa kwaya alikisikia kabla hajasukuma pazia la chumba cha nyuma dukani. Alikijua. Ni kijiko alichokiangusha mwenyewe sakafuni, miaka kumi na minane iliyopita, binti yao akirekodiwa akiimba. Mumewe alikataa katakata kukifuta. Kila kikilia, alitabasamu.

Akaingia. Mumewe alikuwa mbele ya spika mbili, macho kayafumba, kidevu juu. Mezani palikuwa na kompyuta, na kando yake vile visanduku vinavyogeuza namba za kompyuta kuwa sauti: kimoja cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni, cha pili cha rangi ya fedha, kizito, na bei yake mwenye duka aliitaja kwa kunong'ona.

"Hicho kilikuwa cheusi," alisema mwenye duka. "Sasa onja cha fedha, Mwalimu. Masikio kama yako hayadanganyiki."

Anayasifu masikio, huku macho yake yamo mfukoni mwetu, mke alijiambia.

Sauti ya binti ikajaa chumba. Ting! Mwalimu hakutikisa hata kope.

"Mbingu na ardhi!" alisema. "Kile cheusi kilimbana mtoto pua. Hiki kimempa pumzi."

"Si nilikwambia?"

"Rudia," alisema mke.

"Mama, wewe kaa ustarehe..." mwenye duka alianza.

"Rudia, baba. Mimi fundi cherehani. Nimeuziwa vitambaa gizani mara nyingi."

Wimbo ukaanza upya. Mke akazunguka nyuma ya meza, akaushika waya unaotoka kwenye kompyuta kuingia kisanduku cha fedha, akauchomoa. Binti akaendelea kuimba, wala hakukwama. Kijiko nacho kikalia mahali pake.

Mwenye duka akairukia kompyuta. "Lo! Sikubadilisha humu ndani. Bado inapeleka sauti kwenye cheusi. Nimesahau, mama, haki ya Mungu."

"Wiki hii umesahau mara ngapi?"

Mwalimu alicheka kicheko kikavu. "Basi nimeingizwa mjini. Hebu tuwekee cha fedha chenyewe."

Hapo shaka ya mke ikamwacha mwenye duka, ikamgeukia mumewe. Miezi mitatu sasa anagombana na spika, na waya, na kompyuta. Na wale wasichana wa sauti ya juu wanaotoka mazoezini wakilia kwamba anawafokea waongeze nguvu...

"Mwalimu," alisema taratibu, "kijiko kimelia?"

Mumewe akafumbua macho.

"Kimepotea," alisema. "Kompyuta imekimeza. Unadhani nahangaika na mashine kwa fahari? Natafuta inayoweza kukirudisha."

Mwenye duka aliinamisha uso. Alipozungumza, utamu wa biashara ulikuwa umemtoka.

"Kimelia, Mwalimu. Mara tatu. Kwenye hichohicho cheusi."

Mwalimu akakitazama kisanduku cha fedha kama mtu aliyetukanwa, akataka kusema neno la ukali, akalimeza. Mkono wake ukatafuta wa mkewe juu ya meza.

"Kwaya wasisikie kwa mtu mwingine," mke alinong'ona.

"Hawatasikia kwa mtu. Kesho asubuhi nakwenda kupimwa masikio, na majibu yoyote yatakayotoka, nitawaambia kwa mdomo wangu mwenyewe. Nakuahidi, mke wangu."