Simu Mbili na Ndama wa Tatu

Binti yangu Brenda ana tabia ya kuuliza swali moja mara kumi, na ukimjibu anaanza la kumi na moja. Ijumaa ile alipanda Machame kutoka Moshi mjini akiwa na simu mbili mkobani, na tangu avue viatu hakunipa nafasi ya kupumua.

"Mama, umechagua?"

Simu yangu ya vitufe ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maziwa. Brenda anauza katika duka la simu la Khyati, duka alilofungua babu yake Khyati pale mjini, na Khyati alimwambia: "Mpelekee mama yako zote mbili azijaribu. Jumatatu nirudishie asiyoitaka." Bei ilikuwa moja. Ya kwanza ilikuwa mpya, ya kawaida, bapa kama simu za watu wote. Ya pili ilikuwa imetumika kidogo, lakini ilikuwa ya kukunja. Ukiifunga inakaa kama kitabu cha nyimbo, ukiifungua kioo kinakuwa kipana mpaka unaona aibu.

"Hiyo ya kukunja utasomea hata Biblia bila miwani," Brenda alisema.

"Mimi sijawahi kuona kitu cha kukunja kikadumu," nikamjibu. "Viti vya harusini vinakunjwa, na kila harusi lazima mtu mmoja akae chini."

Ukweli ni kwamba akili yangu haikuwa kwenye simu. Ilikuwa zizini, kwa Sarafina.

Sarafina si ng'ombe wangu. Ni wa Mzee Eliakim, jirani yetu wa bondeni, aliyemweka kwangu miaka sita iliyopita akiwa bado mtamba. Hiyo ni desturi yetu ya siku nyingi: asiye na ng'ombe anafuga wa mwenzake. Mimi namkatia majani na kumpasulia migomba, maziwa na samadi ni vyangu, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Ila tulipatana kwamba ndama wa kwanza na wa pili watakuwa wake, wa tatu atakuwa wangu. Hatukuandika popote. Ungeanzaje kumwambia mzee wa kanisa aweke saini?

Sasa Sarafina alikuwa na mimba ya tatu, na mimi nilikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ni hofu ya kila mfugaji. Ya pili ilikuja baada ya kusikia kwamba mtoto wa mzee anayeishi Dar amesema, "Yule mama ameshakunywa maziwa ya kutosha." Nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi nilikuwa nimeivaa miaka sita.

Jumapili asubuhi Sarafina alikataa kula, akawa analala na kuinuka. Sikwenda kanisani. Brenda akabaki nami, na majirani wote wakaenda, maana ilikuwa Jumapili ya mavuno na baada ya ibada kuna mnada. Siku ya mnada hutampata mtu nyumbani hata nyumba ikiwaka moto. Baba Brenda, Elisaria, ni mpishi wa watalii na alikuwa mlimani tangu Jumatano. Tulikuwa wawili tu.

Saa nne hivi ikatokea kwato moja, na nyuma yake pua. Nikangoja kwato ya pili. Haikuja. Nikaishika ile moja nikavuta. Sarafina akapiga mlio ambao sijawahi kuusikia kwa ng'ombe, na mimi, badala ya kuacha, nikavuta tena. Najua, najua. Lakini mtu aliyesubiri kitu miaka sita hana akili ya kusubiri dakika sita.

Brenda alikuwa ameshampigia Melkior, bwana mifugo wetu, kwa ile simu ya kawaida.

"Shikamoo mama," Melkior alisema. "Niko Holili, nakagua ng'ombe mpakani. Kufika huko ni zaidi ya saa nzima. Piga ya video nione."

Brenda akaniangalia. Kwa mkono mmoja alikuwa ameshika kamba, kwa wa pili mkia, na Sarafina alikuwa anasukuma ukuta. Nikaiegemeza simu kwenye ndoo. Melkior akasema, "Naona dari." Nikaisogeza. Ng'ombe akapiga teke ndoo, na simu ikazama kwenye samadi mbichi.

"Lete nyingine!" nikapiga kelele.

Brenda akakimbia, akarudi na ile ya kukunja, akampigia Melkior tena, akaifungua nusu na kuiweka kwenye ukingo wa hori. Ikasimama yenyewe. Haikuegemea kitu, haikushikwa na mtu. Melkior akatokea, na nyuma yake malori ya mpakani.

"Mama Brenda, acha kuvuta!" alisema mara tu alipoona. "Mguu mmoja umebaki nyuma. Ukivuta hivyo utamuua ndama na mama yake. Paka sabuni mpaka kwapani. Sasa msukume ndama arudi ndani."

"Arudi? Nimehangaika kumtoa!"

"Arudi ndani, mama. Taratibu. Sarafina asiposukuma ndipo wewe usukume."

Nikasukuma. Melkior alikuwa anaona kila kitu kutoka pale horini, hata bega langu likikaa vibaya aliniambia. Nikapapasa, nikapata goti, nikashuka mpaka kwato. "Ifunike kwa kiganja isimchane," alisema, "halafu ilete mbele." Nilidhani mkono utakatika. Nikamwita Mungu kwa Kichagga, "Ruwa! Ruwa!", mpaka kwato ikaja.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Ndama alitoka kwa mara moja, akaanguka kwenye majani makavu, akalala bila kupumua.

"Mchokonoe puani kwa unyasi," Melkior alisema. "Msugue kifua. Usiache."

Brenda alimsugua kwa gauni lake la kanisani. Mimi nikamchokonoa na kumtukana. Nilimwita mvivu, nilimwita mwizi wa miaka yangu. Akapiga chafya.

Sijui nililia kwa muda gani. Najua tu kwamba Melkior aliuliza, "Jike au dume?" na Brenda akajibu, "Jike," na mimi nikakaa chini pale pale kwenye uchafu.

Ndama aliposimama na kunyonya, Brenda akaosha simu zote mbili. Ile ya kawaida aliisuuza bombani, akaifuta, ikawaka kama haikutokea kitu. Ile ya kukunja aliisugua kwenye bawaba kwa mswaki.

"Haya mama, sasa huna la kusema. Hii ndiyo imetuokoa."

"Mwambie Khyati nashukuru sana. Nabaki na ya kawaida."

Brenda akaweka mswaki chini.

"Sarafina anazaa mara moja kwa mwaka, akijitahidi," nikamwambia. "Mimi naingia zizini mara nne kwa siku. Wewe mwenyewe umetoka kuipiga mswaki. Kama shida ni kusimama, nitapigilia ubao kwenye hori."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa hakuuliza tena, na nilijisikia mwepesi kama nimetua mzigo wa majani.

Ilibaki hofu ya pili. Nikampigia Mzee Eliakim kwa video, nikamwonyesha ndama.

"Shikamoo, mzee. Sarafina amezaa. Ni jike."

"Marahaba. Jike?"

Akanyamaza. Uso wake ukatulia kwenye kioo, mdomo umefungwa, macho yananitazama bila kupepesa. Nikaona miaka sita ya majani ikiondoka. Nikaanza kupanga maneno mabaya, na ninayo mengi.

"Mama, mtandao umekwama," Brenda akaninong'oneza.

Uso ukacheza. "Haloo? Mama Brenda? Unanisikia? Nasema hivi, sasa na wewe una ng'ombe. Nikija kumwona nitabisha hodi kama mgeni, maana huyo si wangu."

Yale maneno mabaya yote yakaniishia mdomoni. Nikamshukuru kwa Kichagga, "Aika, mzee." Brenda akaichukua simu akamalizia salamu, na mimi nikaenda kumkatia majani ng'ombe wangu.