Asante ya Obwocha

Obwocha hakuacha kitu bila kukidharau. Alidharau barabara ya kupanda kilima cha Manga, akadharau nyumba mpya ya shemeji yake Onsongo, ambayo watu walikuwa wamekuja kuiombea. Ugali wa wimbi ulipoletwa, akausukuma kando kwa kidole kimoja.

"Mimi sili vitu vya moshi. Nitakula nikirudi mjini."

Mkewe, Nyanchera, alikuwa amemwona akijidunga insulini ndani ya gari kabla hawajashuka. "Umeshajidunga, Baba Abigael," akamnong'oneza. "Kula hata kidogo."

"Umekuwa daktari lini? Wewe uliyemaliza shule kwa kusukumwa?"

Matusi hayo yalikuwa hayamuumi Nyanchera tena, yalimchosha tu. Mwanamume mzima, afisa wa ardhi wa kuogopwa mjini, na bado alidhani insulini nayo itamwogopa!

Maombi yakaendelea. Wimbo wa pili ulipokwisha, Obwocha alimgeukia Onsongo, akamshika mkono.

"Shemeji," akasema polepole, "nyumba yako ni nzuri. Nzuri sana. Asante kwa kutualika."

Uso wa Onsongo ukang'aa. "Umesikia, dada? Leo Bwana amemgusa!"

Nyanchera alishtuka. Neno asante hakuwahi kulisikia kinywani mwa mtu huyu. Akamtazama vizuri. Jasho lilimtiririka shingoni na huku upepo wa Manga ulikuwa baridi. Vidole vilitetemeka, macho yakitazama bila kuona.

"Bwana hajamgusa. Sukari yake imeshuka. Leta sukari na maji, haraka!"

"Mwache basi, dada, mtu akibadilika..."

"Onsongo! Atazimia hapa!"

Sukari ikaletwa. Nyanchera akaikoroga, akamwambia mumewe ameze mate kwanza. Alipoona anaweza, akamnywesha. Obwocha alikunywa kwa utiifu, akitabasamu kama mtoto, na tabasamu hilo lilimtisha mkewe kuliko matusi yote. Nyanchera alikaa amemshika bega mpaka jasho likaanza kukauka.

Obwocha akapepesa macho. Akakitazama kikombe.

"Nani amenipa uchafu huu?"

Onsongo akainamisha kichwa. Nyanchera akamwekea mumewe sahani mbele.

"Kiburi chako nusura kikuue," akamwambia mbele ya watu wote, kwa sauti ambayo mtu humtolea mlevi mtaroni. "Kula."

Obwocha akatafuta wa kumtetea. Hakuna aliyemwangalia. Akala, tonge baada ya tonge, amekunja uso.

Jioni Nyanchera alichukua funguo za gari bila kuomba, akaendesha yeye. Hawajafika hata barabara ya lami, Obwocha akaanza kukosoa anavyobadilisha gia. Nyanchera alikuwa akiwaza jinsi ndugu yake alivyofurahi kwa asante ile, asante ya mtu ambaye hakujua anasema nini.